Wake wa Brigham Young Uwanjani

Septemba 2004, katika mapumziko ya mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya Stanford na Chuo Kikuu cha Brigham Young, bendi ya wenyeji iliingia uwanjani pamoja na wachezaji ngoma wake watano, wote wamejifunika shela za bibi harusi. Kiongozi mmoja wa bendi akapiga goti mbele ya msichana wa kwanza, akamposa. Akasogea kwa wa pili, akamposa naye. Akaenda kwa wa tatu, wa nne, mpaka wa tano. Kipaza sauti nacho kilikuwa kikisifu utakatifu wa ndoa ya mwanamume na mwanamke, kisha kikaongeza mwanamke, kisha kikaongeza mwingine. Hakuna aliyehitaji kutajiwa bwana harusi ni nani. Jina lake ndilo walilokuja nalo wageni.

Stanford walishinda mechi ile, na idara yao ya michezo ikaomba radhi kwa yaliyofanywa na bendi. Brigham Young mwenyewe alikuwa amekwisha lala kaburini miaka 127.

Chuo chenye jina lake, ambacho Wamarekani hukiita BYU, kiko mjini Provo katika jimbo la Utah. Ni mali ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao dunia imezoea kuwaita Wamormoni. Popote timu yake inapokwenda kucheza, utani wa wake wengi huwa umefika kabla yake. Nasimulia historia hii kwa sababu naamini wanaocheka wamechukua kipande chepesi cha maisha ya mtu yule na kukiacha kile kizito, na hata hicho chepesi hawakijui sawasawa. Wanakumbuka idadi ya wanawake na kuwasahau wanawake wenyewe.

Brigham Young alizaliwa tarehe 1 Juni 1801 Whitingham, Vermont, katika familia maskini. Akawa seremala, mpaka rangi na fundi wa vioo. Alisema mwenyewe kwamba darasani alikaa siku 11 tu. Mwaka 1824 alimwoa Miriam Works, wakazaa binti wawili. Kifua kikuu kikamuua Miriam mwaka 1832, mwaka uleule ambao Young alibatizwa katika dini mpya ya Joseph Smith. Mwaka 1834 akamwoa Mary Ann Angell. Laiti habari ya ndoa zake ingeishia hapo, leo asingekuwa na jipya la kuchekesha watu uwanjani.

Mambo yalibadilika Nauvoo, Illinois, mji ambao waumini wale waliujenga kando ya mto Mississippi. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 Joseph Smith alianza kuwafundisha wasaidizi wake wa karibu, kwa siri, kwamba Mungu amerudisha ndoa ya mitala kama ile ya Ibrahimu na Yakobo. Young alikuja kusimulia kwamba agizo lile lilimtia huzuni kiasi kwamba alipoona mazishi yakipita alimwonea wivu maiti. Sina sababu ya kumkatalia. Alikuwa amelelewa katika Uprotestanti mkali wa kaskazini mashariki ya Marekani, mahali ambapo mtu wa wake wawili aliwekwa fungu moja na mwizi. Lakini alitii, na alipokwisha kutii hakurudi nyuma. Juni 1842 akamwoa Lucy Ann Decker. Baadaye akamwoa pia Clara, mdogo wake Lucy wa tumbo moja, jambo ambalo wasomaji wetu Waislamu watalistaajabia, kwani sheria yao inayoruhusu wake wanne inakataza kuwaweka dada wawili pamoja.

Juni 1844 kundi la watu wenye silaha lilimuua Joseph Smith katika jela ya Carthage. Young akashika uongozi, na akachukua pia jukumu la wajane kadhaa wa Smith kwa kuwaoa. Mmoja wao alikuwa Eliza R. Snow, mshairi, mwanamke aliyewazidi wanaume wengi wa kanisa lile kwa elimu. Mwingine alikuwa Zina Huntington, aliyekuwa bado na mume mwingine, Henry Jacobs. Mwingine alikuwa Emily Partridge, ambaye Young alizaa naye watoto saba. Februari 1846 waumini wakafukuzwa Nauvoo katikati ya baridi kali, wakatangatanga nyikani, na Julai 1847 kundi la kwanza likafika kwenye bonde la Ziwa la Chumvi, ardhi ambayo wakati ule ilikuwa bado ya Mexico. Katika kundi lile kulikuwa na wanaume 143 na wanawake watatu tu. Mmoja wa hao watatu alikuwa Clara Decker. Palikuwa pia na wanaume watatu weusi, watumwa: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Tutarudi kwao.

Wanahistoria wengi huhesabu wake 55. Watoto ni 57, na mama zao ni 16. Tofauti kati ya 55 na 16 inasema mengi ambayo vichekesho haviyasemi. Wengi wa wanawake wale walifungishwa naye ndoa ya milele kwa imani yao ya maisha baada ya kifo, bila kuishi naye nyumba moja hata siku moja. Baadhi walikuwa vikongwe, baadhi wajane waliotaka jina na hifadhi. Wengine walikuwa wake hasa, wenye mimba, wivu, magonjwa na madai ya matumizi. Emmeline Free alimzalia watoto kumi. Augusta Adams Cobb aliacha mume na watoto Boston akamfuata, na barua zake zimejaa malalamiko ya mwanamke aliyeahidiwa zaidi ya alichopewa. Wapo waliomwomba talaka wakapewa bila maneno mengi.

Mwaka 1856 nyumba kubwa iliyoitwa Nyumba ya Simba ilikamilika katikati ya Salt Lake City, na mpaka leo imesimama. Ghorofa ya juu ina vyumba vidogo vya kulala vilivyopangwa pande mbili, kila kimoja na dirisha lake lililochomoza kwenye paa. Jioni kengele ililia, wake na watoto wakakusanyika sebuleni kwa sala. Eliza Snow alikuwa na chumba chake humo, na kutoka humo aliongoza Chama cha Usaidizi, jumuiya ya wanawake iliyofungua maghala ya nafaka, ikafuga nondo wa hariri na kuwapeleka wanawake mashariki kusomea udaktari. Alipokufa mwaka 1887, aliyekuja kushika nafasi yake ni Zina, mke mwenzake.

Kanisa liliitangaza mitala hadharani tarehe 29 Agosti 1852. Kuanzia hapo dhihaka ikawa biashara. Mchekeshaji mashuhuri Artemus Ward alifika Salt Lake City mwanzoni mwa 1864, akashikwa na homa kali, akauguzwa na Wamormoni mpaka akapona. Kisha akazunguka Marekani na hatimaye London akiwachekesha watu kwa mhadhara juu ya wake za waliomuuguza. Mark Twain alipita mjini hapo mwaka 1861, na katika kitabu chake cha 1872 akatunga hadithi ya Young aliyempa mke mmoja zawadi ya pambo, wengine wote wakaja mbio kudai za kwao, na hadithi ya kitanda kimoja cha ajabu cha kulaza familia nzima. Akasema pia kwamba wanawake wa Kimormoni hawana sura, kwa hiyo anayewaoa anatenda tendo la huruma. Young alipokufa tarehe 29 Agosti 1877, jarida la vikaragosi la New York liitwalo Puck lilichapa picha ya kitanda kirefu, wajane wamejipanga ndani yake wakilia, na mto mmoja mtupu. Watu waliocheka mbele ya picha ile hawakuwa mbali sana na waliocheka Stanford.

Mgeni mmoja alitazama kwa jicho tofauti, naye ni mtu tunayemfahamu upande wetu. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza, alikuwa ametoka Unguja, akapita Kazeh na kufika Ujiji mwaka 1858 akiwa na mwenzake Speke. Agosti 1860 akawasili Salt Lake City na kukaa kama wiki tatu. Alikuwa ameishi kati ya watu wenye wake zaidi ya mmoja katika Uislamu wa Arabuni na wa pwani yetu, na hakuona ajabu ya kumpigisha kelele. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata aliandika juu ya nyumba zenye utulivu na kazi nyingi, akamweleza Young kama mtu makini asiyependa makuu. Burton alikuwa na kasoro zake, na aliyoandika juu ya Waafrika yanachukiza. Lakini kwa jambo hili alikwenda kuangalia kabla ya kuhukumu, na wenzake wengi hawakufanya hivyo.

Mwanamke aliyeumia na kusema alikuwepo, na sauti yake ina uzito kuliko ya wachekeshaji wote. Ann Eliza Webb alizaliwa Nauvoo mwaka 1844, akaolewa kwanza na mume mwingine, wakaachana, akiwa na watoto wawili wa kiume. Young alimwoa Aprili 1868, yeye akiwa na miaka 23, bwana akiwa na 66. Mwaka 1873 alifungua kesi ya talaka akidai kutelekezwa na kunyimwa matumizi, kisha akatoroka Utah kwa siri. Alihutubia miji mingi. Mwaka 1874 alizungumza Washington, na Rais Grant alikuwa mmoja wa waliomsikiliza. Kitabu chake alikiita kwa hesabu yake mwenyewe, mke wa 19, ingawa kwa utaratibu wa ndoa alikuwa amepita 50. Mahakama ikamwamuru Young amlipe dola 500 kwa mwezi wakati kesi ikiendelea. Machi 1875 akakataa kulipa, akalala gerezani usiku mmoja.

Lakini mwaka 1877 hukumu ya mwisho ikaja. Kwa kuwa sheria ya Marekani haikuitambua ndoa ya mitala, Ann Eliza hakuwa amewahi kuwa mke, na asiyekuwa mke hadai chochote. Sheria ile ile iliyodai kumwokoa ndiyo iliyomwacha mikono mitupu. Sijawahi kuona kichekesho cha bendi yoyote kinachomtaja.

Wabunge wa mashariki walikuwa na hakika kwamba wanawake wa Utah wakipewa kura wataipiga mitala teke. Februari 1870 bunge la Utah likawapa kura, na tarehe 14 ya mwezi huo Seraph Young, aliyekuwa mjukuu wa ndugu yake Brigham, akawa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kupiga kura chini ya sheria ya usawa. Wanawake walipiga kura miaka 17, wala hawakuiondoa mitala. Congress, bunge la Marekani, ikawanyang'anya haki hiyo mwaka 1887, katika sheria ileile iliyotaifisha mali za kanisa. Wanawake wa Utah waliirudisha jimbo lilipojiunga na Marekani mwaka 1896, na mwaka huohuo Martha Hughes Cannon, daktari na mke wa nne wa bwana mmoja wa Salt Lake City, aligombea useneta wa jimbo akashinda. Miongoni mwa walioshindwa alikuwemo mumewe.

Sasa tuje kwenye shule. Tarehe 16 Oktoba 1875 Young alitia saini hati ya wakfu iliyoanzisha Chuo cha Brigham Young mjini Provo. Mkuu wake aliyekumbukwa ni Karl G. Maeser, Mjerumani, ambaye Young alimwagiza asifundishe hata alfabeti wala jedwali la kuzidisha bila Roho wa Mungu. Mwaka 1903 kikawa chuo kikuu. Binti yake Young, Susa, aliyezaliwa katika Nyumba ya Simba mwaka 1856 na mama Lucy Bigelow, alifundisha muziki hapo, akaanzisha majarida ya wanawake, akaandika maisha ya baba yake. Familia inayochekwa ilikuwa sehemu ya shule tangu siku zake za mwanzo, na mmoja wa watoto wale 57 alisimama mbele ya darasa.

Watani wakubwa wa BYU hawako Stanford. Wako Salt Lake City, safari ya saa moja kwa gari kuelekea kaskazini, katika Chuo Kikuu cha Utah. Mchezo wao huitwa Vita Vitakatifu, nyekundu dhidi ya bluu. Hata tarehe ya mwanzo wanagombania: Utah wanahesabu mechi za miaka ya 1890, BYU wanaanza mwaka 1922, mwaka ambao Utah walishinda 49 kwa 0. Ndani ya familia moja mume anavaa nyekundu na mke bluu, au kaka na dada hawazungumzi wiki nzima ya mechi. Kyle Whittingham, aliyeifundisha Utah kwa miaka mingi kuanzia 2005, aliwahi kuichezea BYU.

Na aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Utah ni Brigham Young. Tarehe 28 Februari 1850, akiwa gavana, bunge lake lilianzisha Chuo Kikuu cha Deseret. Kikafungwa upesi kwa ukosefu wa fedha, kikafufuliwa baada ya miaka, na mwaka 1892 kikapewa jina la Utah. Yule aliyekaa darasani siku 11 ana vyuo vikuu viwili, na vyote viwili vinapigana kila mwaka. Hii ndiyo sababu naupokea utani wa Salt Lake City kwa moyo mwepesi kuliko wa mahali pengine. Watu wa mji ule wana mzaha wa kale juu ya sanamu ya Young iliyoko katikati ya mji, kwamba amelipa hekalu mgongo na kunyoosha mkono kuelekea benki. Wengi wanaousema ni wajukuu wa waumini wake, na baadhi ni wa damu yake. Wanajua wanamcheka nani, na wao pia huchekwa. Stanford walipocheka walikuwa wakicheka watu wasiowajua.

Hata Stanford wangeweza kuchekwa kwa ukatili uleule. Jina kamili la chuo chao ni la Leland Stanford Mdogo, mtoto wa pekee wa tajiri wa reli, aliyekufa kwa homa ya matumbo mjini Florence mwaka 1884 akiwa na miaka 15. Mama yake, Jane, aliyekibeba chuo kile baada ya mumewe kufa, alikufa Honolulu mwaka 1905, na jopo la uchunguzi la huko likasema alipewa sumu ya striknini. Bendi yenyewe ina jina la mtoto yule. Ningesikitika sana kuona BYU wakiingia uwanjani na jeneza dogo.

Kanisa lilitangaza kuacha mitala mwaka 1890, likaisisitiza marufuku hiyo mwaka 1904 wakati seneti ya Marekani ikimhoji Reed Smoot, seneta Mmormoni wa Utah, na tangu hapo mwenye mke wa pili hufukuzwa. Mwanafunzi wa BYU husaini kanuni za maadili zinazokataza pombe, tumbaku, kahawa na ngono nje ya ndoa. Kijana anayezomewa kwa wake wengi angepoteza masomo yake kwa kulala na mchumba mmoja.

Yupo aliyelibeba jina lile mgongoni. Steve Young, mzao wa Brigham wa kizazi cha tano, alizaliwa Salt Lake City mwaka 1961, akakulia Connecticut, akawa kiongozi wa mashambulizi wa BYU. Mwaka 1983 alikuwa wa pili katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Januari 1995, katika fainali ya Super Bowl akiwa na San Francisco 49ers, alitupa pasi sita za mabao, rekodi wakati ule. Aliwafanya watu wengi walione jina la Young wakifikiria mpira peke yake.

Siku hizi dhihaka haina hata ufundi. Novemba 2021 Los Angeles, mashabiki wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California (USC) waliimba matusi dhidi ya Wamormoni. Septemba 2022 wanafunzi wa Oregon wakafanya vilevile mjini Eugene, Februari 2025 wakafuata wa Arizona. Kila mara chuo kilichohusika kiliomba radhi siku ya pili au ya tatu. Wanaoimba hawaijui Nyumba ya Simba wala Ann Eliza. Kilichobaki ni tusi.

Nilisema wameacha kipande kizito, na hiki ndicho. Mwaka 1852 haukuwa na tangazo la mitala peke yake. Februari ya mwaka huo, miezi sita kabla, Young alisimama mbele ya bunge la Utah akasema kwamba mtu mweusi hawezi kushika ukuhani. Elijah Ables, mtu mweusi, alikuwa amekwisha pewa ukuhani huo mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Bunge lilelile likapitisha sheria iliyohalalisha utumwa Utah. Green Flake, aliyeendesha gari la msafara mpaka bondeni mwaka 1847, alikuwa bado chini ya sheria ile. Jane Manning James, mwanamke huru mweusi aliyeishi katika nyumba ya Smith kule Nauvoo, aliomba kwa miaka mingi aruhusiwe kupata ibada za hekaluni, akakataliwa mpaka alipokufa. Mitala ilikufa mwaka 1890. Marufuku hii iliendelea miaka 88 mingine, na chuo chenye jina la Young kilicheza michezo kwa wakati wote huo.

Wa kwanza kulisema uwanjani hawakuwa na bendi wala shela. Aprili 1968 wanariadha weusi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso walikataa kwenda kushindana Provo, wakaondolewa kwenye timu. Mmoja wao alikuwa Bob Beamon. Miezi sita baadaye, tarehe 18 Oktoba, katika Olimpiki ya Mexico City, aliruka mita 8.90, rekodi iliyodumu mpaka 1991.

Mwaka uliofuata, wachezaji 14 weusi wa Chuo Kikuu cha Wyoming walimwendea kocha wao Lloyd Eaton, siku moja kabla ya mechi na BYU mjini Laramie. Walisema mwaka uliotangulia walitukanwa rangi yao na wachezaji wa BYU, na walitaka kuuliza kama wangeruhusiwa kuvaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga mafundisho ya kanisa lile. Timu ilikuwa haijashindwa mechi hata moja. Eaton aliwafukuza wote 14 bila kuwasikiliza. Siku ya pili, 18 Oktoba 1969, Wyoming walishinda 40 kwa 7 bila wao, na majukwaa yakamshangilia kocha. Kisha timu ikaporomoka: wakapoteza mechi nne za mwisho za msimu, na mwaka 1970 wakashinda moja tu kati ya kumi. Wengi wa vijana wale hawakurudi tena kwenye timu ile.

Novemba 1969 rais wa Stanford, Kenneth Pitzer, alitangaza kwamba chuo chake hakitapanga tena mashindano na BYU kwa sababu ya msimamo ule juu ya watu weusi. Jambo hili linanirudisha mwaka 2004. Chuo kilekile kilichowahi kumchukua Brigham Young kwa uzito, kikaangalia alichokitenda hasa, kikasema hapana, baada ya miaka 35 kilikuwa kikimchekea kitanda chake. Waliokuwa na hoja waligharamika, wakapoteza nafasi za masomo. Waliokuwa na mzaha walivuna vicheko, na msamaha ukaombwa kwa niaba yao.

Juni 1978 rais wa kanisa, Spencer W. Kimball, alitangaza kwamba marufuku imekwisha. Mwaka 2013 kanisa lenyewe likachapisha maelezo yanayokiri kwamba marufuku ile ilianza kwa Brigham Young, likazikana nadharia zilizotumika kuitetea. Waafrika waliingia kanisani kwa maelfu. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu mwaka 2019, la Nairobi mwaka 2025. Kijana kutoka Accra, Ezekiel Ansah, alikwenda Provo akiwa hajawahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Alijaribu mpira wa kikapu na riadha kwanza, kisha mwaka 2010 akaingia futiboli. Mwaka 2013 alichaguliwa wa tano katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa. Alivaa jezi yenye herufi za mtu ambaye mwaka 1852 alimfungia mlango.

Wyoming iliwaomba radhi rasmi wale 14 Septemba 2019, miaka 50 baadaye, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki. Mwaka 2020 waliobaki, wakiwemo Mel Hamilton na John Griffin, walikubaliana na kanisa la Brigham Young kupeleka pamoja malori ya chakula kwa wenye shida katika miji mbalimbali ya Marekani. Waliokuwa na haki ya kulichukia jina lile kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa jukwaani ndio walioanza kazi hiyo, na miaka iliyofuata waliiendeleza.